Si kila kuchanganyikiwa ni ugonjwa wa akili: jinsi ya kutambua ensefalitisi ya kinga, kwa wahudumu wa Dodoma na Kanda ya Kati

Mwongozo huu ni wa tabibu aliye zamu ya usiku kwenye kituo cha afya, muuguzi wa wodi ya afya ya akili, na daktari wa hospitali ya wilaya, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi Kondoa, Manyoni na Itigi. Mgonjwa anayehusika mara nyingi ni msichana au mwanamke kijana ambaye mwezi uliopita alikuwa mzima, yuko shuleni au gengeni kwake. Sasa ameletwa amefungwa kanga mikononi kwa sababu anapiga kelele, halali, na anazungumza na watu wasiokuwepo. Ndugu wanasema amepandisha mapepo. Jalada linaandikwa saikosisi, yaani ugonjwa wa akili wa kuona na kuamini visivyokuwepo. Kuna uwezekano wa tatu: kinga ya mwili wake mwenyewe inashambulia ubongo, yaani ensefalitisi ya kinga. Ugonjwa huo una tiba, na kila wiki inayopita bila tiba inampunguzia nafasi ya kupona vizuri.

Aina inayojulikana zaidi ni ile ya vipokezi vya NMDA (milango ambayo seli za neva hupokelea ujumbe), ambayo daktari wa neva Josep Dalmau na wenzake waliieleza mwaka 2007 kwa wanawake vijana waliokuwa na uvimbe wa teratoma kwenye ovari. Kingamwili hushika vipokezi vilivyo juu ya seli za neva, vipokezi vikazama ndani ya seli na kupungua. Seli zenyewe kwa sehemu kubwa hazifi, ndiyo maana mgonjwa aliyelala wiki nyingi bila kujitambua anaweza kurudi darasani. Katika utafiti wa wagonjwa 577 uliochapishwa mwaka 2013, wanne kati ya kila watano walikuwa wanawake, umri wa kati ulikuwa miaka 21, na zaidi ya theluthi moja walikuwa chini ya miaka 18. Baada ya miezi 24, asilimia 81 ya waliofuatiliwa walikuwa na hali nzuri, hasa walioanza tiba mapema.

Namba moja kutoka kwa wagonjwa haohao ndiyo msingi wa mwongozo huu. Ndani ya wiki nne za mwanzo, asilimia 87 walikuwa na makundi manne au zaidi ya dalili, na waliobaki na kundi moja tu walikuwa kama asilimia 1. Kwa hiyo ugonjwa huu haujifichi kwa muda mrefu ndani ya dalili za akili peke yake. Mwili utasema. Tatizo ni kwamba mgonjwa akishaandikiwa saikosisi, mara nyingi hakuna anayeendelea kuusikiliza mwili wake.

Hatua ya 1: Pata historia kwa tarehe

Usimuulize ndugu "ameanza lini kuchanganyikiwa" ukaishia hapo. Mtafute anayelala naye chumba kimoja, awe mama, dada au mwenzake wa bweni, maana aliyemleta hospitali mara nyingi ni mjomba mwenye usafiri ambaye hakuwepo siku za mwanzo. Uliza hivi:

- "Mama, siku ya mwisho aliyokuwa mzima kabisa, anapika, anaenda shule, ilikuwa lini?" Kama jibu lake halieleweki, tumia vitu anavyovikumbuka: mnada, Ijumaa, Jumapili, kufungwa kwa shule.
- "Kabla ya haya alikuwa na homa, mafua, kichwa kuuma, au kuharisha?" Wagonjwa wengi wa NMDA hupata dalili kama hizi siku chache hadi wiki mbili kabla ya akili kubadilika.
- "Usingizi umekuwaje?" Kukosa usingizi usiku kadhaa mfululizo ni dalili ya mapema sana.
- "Alishawahi kuanguka, kukakamaa, kukodoa macho, au upande mmoja wa uso kuchezacheza?"
- "Maneno yake yamebadilika? Anasema haraka, anarudia unachosema, au amenyamaza kabisa?"
- "Amepewa dawa gani, hospitali au kwa mganga? Amechomwa sindano gani?" Uliza bila kumhukumu. Ndugu akiona umekunja uso, hatakutajia dawa za miti shamba wala sindano aliyochomwa duka la dawa.

Mabadiliko yaliyokua ndani ya miezi 3 au chini ya hapo ndiyo yanayoingia kwenye mashaka yetu, na mara nyingi ni siku au wiki chache. Skizofrenia kwa kawaida hutanguliwa na miezi, hata miaka, ya kujitenga, kushuka kwa masomo na kuacha kujali usafi. Binti aliyekuwa wa tano darasani mwezi wa pili, na mwezi wa tatu hamtambui mama yake, hana historia hiyo. Wagonjwa watatu wengine wasipite bila maswali haya: mama aliyejifungua wiki chache zilizopita, mtoto aliyebadilika tabia ghafla na kupoteza maneno aliyokuwa ameshayajua, na mtu aliyepona ensefalitisi ya hepesi kisha akaharibikiwa tena wiki chache baadaye. Huyo wa mwisho huonekana kama virusi vimerudi, kumbe mara nyingi ni kingamwili.

Hatua ya 2: Pima mwili, na urudie kila siku

Hapa ndipo utambuzi unapopatikana au kupotea, na hauhitaji mashine kubwa. Chukua joto, mapigo ya moyo, presha, upumuaji, oksijeni na sukari hata kama mgonjwa anapigana. Akishindikana asubuhi, rudi akisinzia. Kisha tafuta makundi sita:

1. Tabia au utambuzi uliobadilika: hofu, kuona au kusikia visivyokuwepo, kusahau mambo ya jana.
2. Maneno: kusema kwa kasi isiyozuilika, kurudia maneno, sentensi kufupika, hadi kunyamaza.
3. Degedege la aina yoyote.
4. Mwendo wa mwili usio wa kawaida: kutafunatafuna, kutoa ulimi, kukunja uso, vidole kuchezacheza, mgongo kupinda, mwili kukakamaa.
5. Fahamu kushuka.
6. Mfumo wa neva unaojiendesha kuvurugika: homa isiyo na chanzo, mapigo 140 saa moja na 50 saa nyingine, presha kupanda na kushuka, mate mengi, mkojo kuziba, au pumzi kuwa chache.

Yakikutana manne, yakakua ndani ya miezi 3, na EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) au maji ya uti wa mgongo yakawa si ya kawaida, huku sababu nyingine zimeondolewa, vigezo vya kimataifa vya mwaka 2016 vinaruhusu kusema "inaelekea ni NMDA" hata kabla ya jibu la kingamwili. Akiwa na teratoma, matatu yanatosha.

Kundi la nne ndilo linalopotea zaidi wodini. Kutafunatafuna mdomo hudhaniwa ni athari ya haloperidoli, dawa ya saikosisi. Angalia chati: kama kulianza kabla ya dozi ya kwanza, haloperidoli haihusiki. Simama kitandani dakika tano bila kuongea, uangalie mdomo na vidole tu. Mwombe ndugu arekodi kwa simu yake kinachotokea usiku, kwa kibali cha familia na kwa ajili ya matibabu tu. Video ya sekunde 30 humsaidia daktari wa rufaa kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Pima katatonia (mwili kuganda au kukaa mkao mmoja bila kuitikia) kwa mikono yako. Inua mkono wa mgonjwa kisha uuachie: unabaki hewani? Kunja kiwiko taratibu: kinapinga kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho? Mwambie asikupe mkono, kisha nyoosha wako: anakupa hata hivyo? Kijana mwenye katatonia, homa na mapigo ya kasi asibaki kwenye wodi ya kawaida ya akili hata usiku mmoja bila kuchunguzwa ubongo.

Wazee wana sura yao. Mtu mzima wa zaidi ya miaka 50, mara nyingi mwanamume, anayesahau ghafla, amebadilika tabia, na uso pamoja na mkono wa upande mmoja vinajivuta kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, mpime sodiamu. Ikiwa chini ya kawaida, fikiria kingamwili za LGI1, aina nyingine ya ensefalitisi ya kinga. Mivuto hiyo hutangulia kusahau kwa wiki kadhaa, na dawa za kifafa peke yake huisaidia kidogo.

Hatua ya 3: Ondoa kwanza yanayoua haraka na yaliyo mengi kwetu

Hakuna anayepaswa kuandika "ensefalitisi ya kinga" kabla ya kupita hapa. Kazi hii inaweza kumalizika siku ya kwanza.

Sukari kwanza, kidoleni, ndani ya dakika tano. Kisha malaria. Dodoma ina malaria kidogo ukilinganisha na Kanda ya Ziwa, na hilo lina pande mbili: mkazi wake ana kinga ndogo akirudi kutoka Geita au Kigoma, lakini pia MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) chanya si tiketi ya kuacha kutafuta. Kipimo hicho hubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha. Soma slaidi na uhesabu vimelea. Kama ni malaria kali, toa artesuneti miligramu 2.4 kwa kilo saa 0, 12 na 24 (mtoto wa chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kilo). Vimelea vikiisha na fahamu isirudi, endelea kuchunguza.

VVU apimwe kila mgonjwa. Akiwa chanya, fanya kipimo cha antijeni ya kriptokokasi na utafute TB ya ubongo. Angalia orodha ya dawa: efavirenzi na isoniazidi zote zinaweza kuvuruga akili. Pima kaswende pia, bei yake ni ndogo na tiba yake ipo.

Kwa eneo letu ongeza haya. Ini: mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu uliua watu Dodoma na Manyara, na ini linaloshindwa huanza kwa kuchanganyikiwa, kwa hiyo tazama macho kama ni ya njano na uulize mahindi na karanga zilivyohifadhiwa. Kichaa cha mbwa: uliza kuhusu kung'atwa miezi iliyopita, mpe maji uone koo likijikaza. Tegu wa nguruwe kwenye ubongo, hasa nguruwe wanapozurura, ambaye huonekana zaidi kama degedege. Malale kwa aliyetoka kurina asali au kuchunga kwenye mapori ya magharibi. Pombe iliyokatwa ghafla siku 2 hadi 4 zilizopita huleta kutetemeka, jasho na kuona vitu. Bangi inaelezea saikosisi, lakini haielezi homa wala kukakamaa, na kijana anayevuta bangi anaweza kupata ensefalitisi kama mwingine yeyote.

Kama kuna homa na fahamu imeshuka, usisubiri majibu. Toa seftriaksoni gramu 2 kila saa 12, na asaikloviri miligramu 10 kwa kilo kwa mshipa kila saa 8, kila dozi iingie kwa saa nzima na maji ya kutosha ili kulinda figo.

Hatua ya 4: Maji ya uti wa mgongo

Kipimo hiki ndicho kinachokosekana zaidi kwenye majalada ya wagonjwa wa akili, na kinaweza kufanyika hospitali ya wilaya. Kikwazo cha kwanza ni hofu. Wengi wameambiwa kwamba sindano ya mgongo inapoozesha. Eleza bila haraka: "Baba, neva kuu ya mgongo imeishia juu kidogo, sindano inaingia chini yake, penye maji tu. Anaweza kuumwa kichwa siku chache, tutampa dawa." Baba akielewa, yeye ndiye atakayemshika mgonjwa akiwa amejikunja.

Usifanye kama kuna udhaifu wa upande mmoja, mboni zisizolingana, fahamu inayoshuka kwa kasi, damu isiyoganda, au kidonda mahali pa kuchoma. Hao wanahitaji CT kwanza, huku dawa zikiendelea.

Mlaze kwa ubavu, magoti yafike kifuani. Pima mstari wa juu ya mifupa ya nyonga, uchome kati ya pingili ya 3 na ya 4 za kiuno au nafasi moja chini, sindano ya geji 22. Mtu mzima chukua mililita 8 hadi 10:

- chupa ya 1: protini na sukari (chukua na sukari ya damu saa ileile);
- chupa ya 2: rangi ya Gramu (kutafuta bakteria), wino wa India au antijeni ya kriptokokasi, na TB;
- chupa ya 3: hesabu ya seli;
- chupa ya 4: mililita 2, ikae kwenye friji nyuzi 2 hadi 8 kwa ajili ya kingamwili. Ikikaa zaidi ya wiki, igandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri.

Peleka chupa ya seli maabara kwa mkono wako na ihesabiwe ndani ya saa moja. Seli huoza kwenye chupa, na sampuli iliyokaa mezani tangu asubuhi itasomeka "hakuna seli" jioni. Damu ikiingia, ondoa seli nyeupe moja kwa kila nyekundu 700 hivi.

Zaidi ya seli nyeupe 5, nyingi zikiwa limfosaiti na kwa kawaida chini ya 100, protini juu kidogo, sukari ya kawaida: picha hii inaendana na ensefalitisi ya kinga, lakini inaendana na virusi pia, ndiyo maana asaikloviri inaendelea hadi PCR ya hepesi itoke hasi. Sukari ya maji ikiwa chini ya nusu ya ile ya damu, rudi kwenye TB, bakteria na fangasi. Na maji yakiwa safi kabisa, ugonjwa haujaondolewa. Takribani mgonjwa mmoja kati ya watano wa NMDA huwa na maji ya kawaida siku za mwanzo.

EEG, MRI na kingamwili

EEG ndiyo inayosaidia zaidi, maana kwa wagonjwa wa NMDA asilimia 90 hivi huwa si ya kawaida, mara nyingi mawimbi ya polepole yaliyosambaa. EEG ya polepole kwa mtu anayeitwa mgonjwa wa saikosisi ni sababu ya kusimama na kufikiri upya, mradi hajapewa diazepamu nyingi kabla ya kipimo. Andika dozi na saa kwenye fomu. MRI ni kinyume chake: kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa hawa huwa ya kawaida. Kazi yake kubwa ni kuondoa jipu, tegu na hepesi. Jibu la "MRI ya kawaida" limewarudisha wengi nyumbani isivyostahili.

Kingamwili zitafutwe kwenye maji ya uti wa mgongo na kwenye damu kwa pamoja. Ukituma damu peke yake utakosa kama mgonjwa mmoja kati ya saba wa NMDA. Damu, mililita 3 za siramu, itolewe kabla ya imunoglobulini au kubadilisha plazma, maana imunoglobulini ina kingamwili za wachangiaji na huchafua jibu. Sampuli mara nyingi husafirishwa mbali na jibu huchukua wiki. Usilisubiri ili kuanza tiba.

Kila mwanamke afanyiwe altrasaundi ya nyonga, na altrasaundi isipoona vizuri, MRI ya nyonga. Mwanamume apimwe korodani.

Kumtuliza bila kumdhuru

Wengi wa wagonjwa hawa hawazivumilii dawa za saikosisi. Haloperidoli miligramu 10 aliyochomwa mapokezi inaweza kumkakamaza, kumpandishia homa na kuvunja misuli yake ndani ya siku moja au mbili, kisha mkojo ukawa mweusi na figo zikafuata. Kukakamaa na homa baada ya dozi ya kwanza ni dalili yenyewe ya kushuku ensefalitisi. Simamisha dawa hiyo, mpoze, mpe maji, pima CK (huonyesha misuli inayovunjika) na kreatinini (huonyesha hali ya figo). Sindano za kukaa mwezi mzima, kama flufenazini, zisitumike kabisa hadi mashaka yaishe: ukishachoma huwezi kuitoa.

Tumia lorazepamu miligramu 1 hadi 2, au diazepamu miligramu 5 hadi 10 kwa mshipa, polepole, isizidi miligramu 5 kwa dakika, huku ukihesabu pumzi na begi la kupumulia likiwa karibu. Mgonjwa wa katatonia akianza kuongea nusu saa baadaye, umepata tiba ya katatonia, hujapata chanzo chake. Ikibidi dawa ya saikosisi, olanzapini miligramu 2.5 hadi 5 usiku ni afadhali. Kamba zisitumike kwa saa nyingi. Misuli inaumia na damu inaganda miguuni.

Rufaa

Toa rufaa siku ileile ukiona degedege, fahamu kushuka, katatonia yenye homa, au presha na mapigo yanayoyumba. Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, ipo jijini Dodoma, na ndugu wengi wataelekea huko moja kwa moja. Mgonjwa mwenye dalili za mwili anahitaji pia mahali penye ICU, vipimo vya picha na madaktari wa ndani, kama Hospitali ya Benjamin Mkapa, au Muhimbili ikibidi, kilomita 450 hivi kwa barabara. Piga simu kabla, uulize kama EEG na kitanda vipo leo. Mweleze mama kwamba unashuku ugonjwa wa ubongo unaotibika. Mama aliyeogopa jina la Mirembe hatasumbuka tena kumficha binti yake kwa mganga.

Kwenye fomu andika: siku ya mwisho ya uzima, makundi ya dalili na tarehe ya kila moja, majibu ya maji yenye namba, kila dawa na saa yake, na sentensi hii wazi: "Nashuku ensefalitisi ya kinga." Safarini awe na muuguzi, oksijeni na diazepamu. Pumzi zinaweza kusimama bila onyo.

Tiba hospitali ya rufaa

Methilipredinisoloni gramu 1 kwa mshipa kila siku kwa siku 3 hadi 5 (mtoto miligramu 30 kwa kilo, isizidi gramu 1). Ikipatikana, imunoglobulini jumla ya gramu 2 kwa kilo kwa siku 5, au kubadilisha plazma. Kabla ya steroidi pima homa ya ini B, sukari, na uwe umeitafuta TB kwa bidii. Teratoma ikipatikana, iondolewe. Bila kuiondoa dawa zinahangaika bure. Asipopata nafuu ndani ya siku 10 hadi 14, nenda kwenye rituksimabu au saiklofosifamidi, usikate tamaa. Karibu nusu hawapati nafuu kwa dawa za mwanzo, na wengi wao hupona kwa hizi za pili. Wakati huo mgonjwa anaishi kwa uuguzi: kulishwa kwa mpira, kugeuzwa kila saa 2, kuzuia damu kuganda, na kufuatilia pumzi.

Kupona huenda kwa miezi, na hurudi kinyumenyume: pumzi na fahamu kwanza, tabia na kumbukumbu mwisho. Kwa hiyo mgonjwa anayeanza tena kupiga kelele wiki ya sita huenda anapona. Ugonjwa hurudi kwa takribani asilimia 12 ndani ya miaka miwili, na unaporudi unaweza kuja na dalili za akili peke yake. Mwandikie kwenye daftari lake la kliniki jina la ugonjwa, tarehe, dawa zilizomdhuru, na altrasaundi ya nyonga kila baada ya miezi 6 kwa miaka michache, ili hata akipokelewa usiku kwenye kituo kisichomjua, aliye zamu ajue asianze na haloperidoli.